Vifuniko Viwili vya Tangi

Kemirembe alivihesabu vitu mara tatu, na mara zote tatu kimoja kilizidi.

Alikuwa amevipanga juu ya gunia kwenye nyasi za ufukweni, hatua chache kutoka yalipolala mabaki ya boti. Mpira wa mafuta, nusu umeungua. Vibano vinne vya chuma vya kuukazia mpira huo. Chujio la petroli. Vichwa viwili vya nyaya za betri. Tangi moja la chuma, limefura ubavu mmoja. Na vifuniko vya tangi: kimoja kipya, kingine kimeliwa na kutu.

"Boti moja, injini moja, tangi moja," alisema. "Vifuniko viwili vya nini, mzee Cassian?"

Konstebo Cassian alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu, na hakuona sababu ya kuinama katika jua lile. Alivitazama akiwa wima. "Labda kimoja cha akiba, afande."

"Umeshaona mtu ananunua kifuniko cha akiba, tena chenye kutu?"

"Sijaona. Ila watu wa ziwani wana mambo yao."

Mambo yao yalikuwa yamemuua mtu. Juzi alfajiri, Muhangi, nahodha aliyevusha abiria, ndizi na kahawa katika Ziwa Rwamiyaga kwa miaka kumi na saba, alishuka ufukweni kuwasha injini. Boti likalipuka kabla hajaiwasha. Alifikishwa hospitali akiwa hai, akafa kabla ya saa sita mchana bila kusema neno. Siku moja kabla ya hapo, fundi Edgar kutoka Bugene alikuwa amekuja kumng'olea mfumo wote wa mafuta uliochakaa na kumfungia mpya: tangi, mpira, chujio, kila kitu. Kijiji kizima kilikuwa kimekwisha kutoa hukumu. Edgar alikuwa mahabusu, na mkuu wa upelelezi alikuwa amempigia Kemirembe simu asubuhi hiyo: jalada liwe mezani kwake saa kumi jioni, ili kesho fundi apande kizimbani kwa kuua bila kukusudia.

Ilikuwa saa nne.

Kemirembe alichuchumaa, akauchukua mpira wa mafuta. Katikati ulikuwa mkaa. Ncha zake zilikuwa nzima, na alama za vibano bado zilionekana, viwili kila upande, vilivyokuwa vimekazwa sawasawa. Mpira unaovuja kwenye maungio huanza kuungua kwenye maungio. Huu ulikuwa umeungua kila mahali isipokuwa hapo.

Akaliendea boti. Mbao za ubavuni zilikuwa zimefunguka kwa nje, pande zote mbili, kuanzia chini. Nyuma, penye injini, palikuwa majivu. Mbele palikuwa na jambo jingine: turubai la bluu, limeyeyuka ukingo mmoja, bado limefungwa kwa kamba ya katani kwenye pua ya boti. Alilinyanyua. Chini yake yalipangwa majani ya migomba, tabaka juu ya tabaka, yamenyauka kwa moto lakini hayakuungua.

"Mzigo wa ndizi," Cassian alisema.

"Ndizi ziko wapi?"

Cassian alitazama ndani ya boti, kisha akatazama ziwa.

"Hakupakia kitu," Kemirembe alisema. "Abiria wa kwanza walikuwa bado wanateremka mlimani. Sasa majani haya yalikuwa yanafunika nini?"

"Afande! Afande, samahani!"

Aliyekuja alikuwa mwanamume mnene mwenye kofia ya pama, suruali ameikunja hadi magotini. Jina lake Byabato, mwenye boti la pili na la mwisho pale ufukweni. Tangu juzi abiria wote wa ziwa walikuwa wake, na alionekana kama mtu ambaye hajalala kwa sababu ya kazi.

"Mimi nimengoja niulizwe, siulizwi," alisema. "Nikasema basi, nijilete."

"Umefanya vizuri. Sema."

"Fundi yule na marehemu waligombana. Nimesikia kwa masikio haya. Jioni ile, kazi imekwisha. Muhangi anasema, 'Lete, ni changu!' Fundi anasema, 'Hulichukui!' Wakavutana, waitu, jamani, kama watoto."

"Wakivutania nini?"

"Sikuona. Boti langu lilikuwa katikati."

"Uliona wanavutana na hukuona wanachovuta?"

"Niliona migongo." Byabato alijifuta shingo. "Kisha fundi akapanda pikipiki yake bila kuaga. Mtu mwema anaondoka bila kuaga?"

"Na wewe usiku ule ulilala wapi?"

"Mimi?" Alicheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake. "Kimuli, kwa mkwe wangu. Muulizeni. Nilirudi nikakuta moshi."

"Tutamuuliza. Boti lako unalifunika usiku, mzee Byabato?"

Swali hilo hakulitegemea. "Kulifunika? Kwa nini nilifunike? Halijawahi kufunikwa boti hapa. La Muhangi lenyewe lilikuwa linalala wazi miaka yote, na ndege wanalinyea."

Kemirembe aliandika hilo, akapigia mstari chini yake. Akamwambia Cassian abaki na vielelezo, apekue majini na kwenye mafunjo, na asirudi bila tangi la pili.

"Kama lipo, afande."

"Kifuniko hakikuja peke yake kwa miguu."

*

Edgar alikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa, mikono yenye weusi wa mafuta usiotoka kwa sabuni. Aliketi kwenye kiti cha chumba cha mahojiano akiwa ameegemea mbele.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Nieleze kazi uliyofanya. Usinieleze kwamba huna kosa. Nieleze kazi."

Alishusha pumzi, na sauti yake ikabadilika. Alieleza kama mtu anayepita njia anayoijua gizani. Kwanza alimwondoa kila mtu karibu, akazima hata jiko la mama muuza chai. Akatenganisha betri, akaipeleka mbali. Akanyonya mafuta yaliyobaki kwa pampu ya mkono. Akang'oa mpira wa zamani, uliopasukapasuka kama kisigino. Akafunga tangi jipya chini ya benchi la nyuma kwa mikanda, lisitingishike. Mpira mpya wa petroli, si wa maji, vibano viwili kila ncha. Chujio. Kisha akatia mafuta, akaminya pampu ndogo ya mpira mpaka ikawa ngumu, akapitisha kitambaa kikavu kwenye kila ungio kuona kama kitalowa. Hakikulowa. Akanusa. Akangoja nusu saa, akanusa tena.

"Kwa nini unanusa?"

"Petroli haiui kwa maji yake, afande, inaua kwa mvuke. Na mvuke wake ni mzito, haupandi kama moshi. Unashuka, unalala sakafuni mwa chombo kama maji usiyoyaona. Cheche moja tu ikiukuta, chombo chote kinafunguka kuanzia chini."

Kemirembe alikumbuka mbao zilizofunguka kwa nje.

"Cheche gani ingemkuta Muhangi kabla hajawasha injini?"

"Betri. Alikuwa anaibeba nyumbani kila jioni isiibwe. Asubuhi anairudisha, anabana nyaya. Hapo lazima icheze cheche."

"Na tangi la zamani?"

"Nililichukua." Jibu lilikuja upesi mno. "Ndivyo tulivyofundishwa chuoni. Ukibadili tangi, la zamani haliachwi chomboni. Mabaki ya mafuta yana mvuke mwingi kuliko tangi lililojaa."

"Ulilipeleka wapi?"

"Karakana kwangu. Bugene."

"Mlinzi wako alikuona ukishusha tangi kutoka kwenye pikipiki?"

"Hakuwepo."

"Jirani?"

"Ilikuwa giza."

Kemirembe alifungua mfuko wa karatasi, akaweka kifuniko chenye kutu mezani, katikati yao. Edgar alikitazama. Alinyoosha kidole akakigusa ukingo, kisha akaurudisha mkono wake na kuukalia.

"Mlikuwa mnavutania tangi," Kemirembe alisema. "Yeye anasema changu, wewe unasema hulichukui."

"Alisema bado zima, litakuwa la akiba. Nikamwambia ukilitaka, lipeleke nyumbani, lioshe kwa sabuni, ulianike juani mbali na jiko. Akasema sawa. Wapi! Alikuwa ananikubalia ili niondoke." Macho yake yalikuwa yamelowa, lakini sauti ilikuwa ya hasira. "Nilimwachia mtu tangi lenye mabaki ya petroli, tundu la mpira liko wazi. Hilo ndilo kosa langu. Nikilisema, si nimejifunga mwenyewe?"

"Umejifunga zaidi kwa kulificha. Sasa kila utakalosema nitalinusa mara mbili."

"Linuse. Nilimwambia na jambo jingine. Kwamba usiku chombo kilale wazi, upepo upite, na asubuhi asiguse betri kabla hajanusa. Hilo nilimwambia mara tatu."

"Nani alisikia?"

Edgar alikitazama tena kifuniko chenye kutu. "Yeye."

"Aliyekufa."

"Ndiyo."

Kemirembe aliinuka. Ilikuwa saa saba na nusu. Alikuwa na fundi mwongo, mwenye boti aliyenufaika, na ushahidi wa maana uliokuwa mdomoni mwa maiti. Jalada kama lilivyo lingetosha kumpeleka Edgar mahakamani, na hakuna ambaye angemlaumu.

Simu yake iliita akiwa bado uani. Cassian alikuwa anahema.

"Afande, nimelowa mpaka kiunoni, na mtu wa umri wangu hapaswi. Lakini limo mafunjoni. Tangi la zamani. Halina kifuniko."

"Tundu la mpira?"

"Hapo ndipo pa kuchekesha. Limezibwa kwa jani la mgomba. Limeviringishwa likasokomezwa, vile unavyoziba dumu la rubisi, pombe ya ndizi, ili ipate kupumua lisipasuke. Aliyefanya hivi hakuwa anaiba wala kuua, afande. Alikuwa anafanya kama nyumbani."

"Usilitoe jani. Lipige picha, uliache lilivyo."

*

Nyumbani kwa marehemu Muhangi matanga yalikuwa siku ya pili. Wanaume waliketi kwenye viti vya kanisa vya kuazima, chini ya turubai, wakizungumza kwa sauti ya chini. Nyuma ya nyumba, kandokando ya migomba, wanawake wanne walikuwa wamemaliza kukamua ndizi kwa ajili ya waombolezaji, na sasa walikuwa wanaufunika obwato, ule mtumbwi wa gogo wa kuchachushia rubisi. Kemirembe alisimama kuwatazama. Majani ya migomba, tabaka la kwanza kwa urefu, la pili kwa upana, kingo zikikunjwa kwa ndani. Juu yake kamba ya katani, fundo moja kila upande.

"Mnafunika vizuri," alisema.

"Tumefundishwa na mwenye nyumba," mmoja alijibu. "Kwa Benadeta rubisi haijawahi kulala vibaya. Akifunika yeye, joto halitoki hata kidogo."

Benadeta alikuwa ndani, juu ya mkeka, mgongo ukutani. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, kichwa amekifunga kitambaa cheusi.

"Shikamoo, mama. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshapoa." Alimtazama kwa makini. "Wewe ndiwe polisi. Umekuja kuniambia mmemfunga?"

"Nimekuja kuandika maelezo yako. Kila unalolijua la jioni ile."

"Ninalolijua ni moja. Fundi yule alikuwa na nia mbaya, na nitakupa ushahidi." Alijisogeza mbele. Alionekana amelingoja swali hili kwa siku mbili. "Mume wangu alirudi jioni akaniambia, fundi kasema boti lilale wazi. Wazi! Na vitu vipya ndani yake! Wewe umesoma. Kuna mtu mwema anayesema mali ya watu ilale wazi usiku?"

Kalamu ya Kemirembe ilisimama juu ya karatasi. "Alikuambia hivyo Muhangi mwenyewe? Kwa maneno hayo?"

"Kwa maneno hayo. Akasema, eti upepo upite. Nikamwambia, upepo au wezi? Fundi huyo atarudi na wenzake saa nane. Wewe Muhangi umezeeka lakini bado unadanganywa na vijana wa Bugene. Akacheka. Akasema, basi fanya utakavyo."

"Ukafanya nini, mama?"

"Nikabeba majani, nikachukua turubai letu la kuanikia kahawa, nikashuka mwenyewe. Nililifunika lile boti, mwanangu, usione. Mwanzo mpaka mwisho. Hata nzi asingepita. Asubuhi mume wangu alifungua upande wa injini tu, mbele akaacha vile vile, mafundo yangu yote yako salama. Hayapo?"

"Yapo. Nimeyaona."

"Umeona! Kwa hiyo hakuna mtu mwingine aliyeligusa. Si Byabato, si mwizi. Ni mkono wa fundi peke yake." Alipiga kiganja chake kwenye mkeka. "Andika hivyo."

Kemirembe aliandika hivyo. Aliandika kila neno, taratibu.

"Na tangi la zamani? Lilikuwepo?"

"Lilikuwa chini ya benchi la mbele. Lilikuwa linatoa harufu kwenye kitundu chake, nikaliziba kwa jani. Ningeziba kwa gunzi, lakini kitu chenye kuchacha ukikikaba koo kinapasuka. Hilo hata mtoto analijua."

Nje wanaume waliacha kuzungumza, mmoja akaanzisha wimbo wa kanisani, wengine wakampokea. Kemirembe alingoja ubeti wa kwanza uishe. Angeweza kuikunja karatasi na kwenda. Maelezo yalikuwa kamili. Yalitosha kumtoa Edgar nje kabla ya jua kuzama: fundi alionya, onyo lilifika, na aliyelipuuza alikuwa ameeleza mwenyewe. Lakini maelezo ya shahidi asiyejua kusoma husomwa mbele yake, neno kwa neno, kisha huwekwa dole gumba. Ndio utaratibu, na asingeuruka.

"Nitakusomea, mama. Pakikosewa uniambie."

"Soma."

Alisoma. Benadeta alitikisa kichwa kukubali kila sentensi ilipoisha. Mume alirudi jioni: ndiyo. Fundi amesema boti lilale wazi ili upepo upite: ndiyo, alisema. Nikaona fundi huyo ana nia ya wizi: ndiyo kabisa. Nikalifunika boti lote kwa majani na turubai, pasiwe na mahali pa kupita hewa. Ndani lilikuwemo tangi la zamani lenye mabaki ya petroli, tundu lake nimeliziba kwa jani ili liendelee kupumua.

Kichwa hakikutikisika.

"Rudia hapo," Benadeta alisema.

Kemirembe alirudia.

Wimbo nje ulifika mwisho. Benadeta aliitazama karatasi kama anayeweza kuisoma. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani, viganja juu, na ndani ya kucha kulikuwa bado na weusi wa utomvu wa migomba.

"Petroli nayo inapumua?" aliuliza.

"Inapumua, mama. Na pumzi yake inashuka chini, haipandi."

"Na mimi nikaifunika."

Kemirembe aliishusha karatasi.

"Ndiyo maana fundi alisema upepo."

"Ndiyo."

"Muhangi hakunieleza pumzi. Alisema upepo tu." Sauti yake haikupanda. "Angenieleza pumzi, ningeelewa. Pumzi naijua mimi kuliko yeye." Kisha: "Nisipoweka dole?"

"Fundi analala ndani, na kesho anapelekwa mahakamani. Nitakuwa na tangi, na jani, na mafundo, lakini sitakuwa na mtu wa kusema kwamba alionya."

"Ana mama?"

"Anaye. Amekaa nje ya kituo tangu juzi."

Benadeta alinyoosha mkono. Kemirembe alifungua kisahani cha wino, akamshika kidole, akakilowesha, akakipeleka mahali penyewe, chini ya mstari wa mwisho. Mjane akakikandamiza. Akaendelea kukikandamiza. Wino ukatoka pembeni, ukaingia kwenye maandishi, na ilibidi Kemirembe amwambie mara mbili, kwa sauti ya chini, kwamba imetosha.